Askofu Festo Kivengere: Rafiki Tusiyewahi Kumwona



Wageni wetu wapendwa, mkishapitia ratiba ya leo na orodha ya nyimbo, huenda mkashangaa kukuta humu maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuvaa sare ya kwaya yetu, tena aliyefariki miaka mingi kabla kwaya hii haijazaliwa. Hakuwa Mkenya wala hakuwa mwalimu wa muziki. Hata hivyo, tulipokaa kamati ya jubilei na kuulizana ni nani aliyetufikisha miaka 25 bila kuvunjika, jina lake lilitajwa na watu watatu kwa mpigo. Tunaomba basi mtuvumilie tuwasimulie habari zake, na kwanza tuwaambie jinsi tulivyokutana naye.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 kwaya yetu ilikaribia kufa. Mnaijua Kitengela. Wenyeji wetu ni Wamaasai, na juu yao wamekuja watu kutoka kila pembe ya nchi: wafanyakazi wa viwanda vya EPZ kule Athi River, walimu, mafundi, wenye maduka. Kwaya yetu ilikuwa na watu hao wote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliposhikana mashati, baadhi yetu walikuwa na ndugu waliochomewa nyumba huko Bonde la Ufa, na wengine walikuwa na ndugu waliofukuzwa Naivasha kwa sababu ya kabila lao. Jumapili tulisimama bega kwa bega tukaimba. Alhamisi, siku ya mazoezi, sauti ya tatu haikusemeshana na sauti ya nne.

Kwaresima ilipofika tulipewa wimbo wa msamaha. Tukiwa katikati ya ubeti wa pili, mama mmoja wa sauti ya pili aliketi. Aliuliza kwa nini aimbe kwamba amewasamehe watu ambao hawajamwomba msamaha, na ambao hata majina yao hayajui. Aliyejaribu kumjibu kwa kumtajia mstari wa Biblia alimwumiza zaidi. Mazoezi yaliishia hapo, na tuliondoka mmoja mmoja.

Alhamisi iliyofuata mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, alikuja mazoezini. Hakuleta jibu. Alivuta kiti, akaanza kutusimulia maisha ya Festo Kivengere, naye alimaliza baada ya majuma kadhaa. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyasikia kwake na tuliyojisomea wenyewe baadaye.

MTOTO WA MACHUNGANI

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri katika Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Watu wake walikuwa wafugaji. Msomaji wa Kajiado, wewe huhitaji kuelezwa maisha hayo: mtoto hukua nyuma ya ng'ombe, huyajua majina yao kabla ya kujua herufi, na mali ya mtu huonekana jioni mifugo inaporudi bomani. Ukoo wake ulikuwa wa watawala wa Rujumbura. Alijifunza kusoma akiwa bado mtoto wa machungani, akaendelea na shule, mwishowe akaenda Chuo cha Askofu Tucker kule Mukono na kutoka akiwa mwalimu.

Elimu ilimpa mshahara na heshima. Ilimpa pia maswali, na maswali yakampeleka mbali na kanisa. Aliporudi nyumbani kufundisha alikuwa kijana mwenye akili kali, mnywaji, asiyeomba tena, na mwenye chuki kwa Wazungu waliotawala.

Wakati huo uamsho ulikuwa ukiwaka katika Afrika Mashariki. Ni vizuri kukumbuka ulivyoanza, maana ulianza na marafiki wawili. Mwaka 1929 Dakta Joe Church, tabibu Mwingereza aliyefanya kazi Gahini kule Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikiri kwamba kuna kitu wanachokikosa. Waliketi siku mbili na Biblia, wakiulizana habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Mmoja alikuwa mweusi na mwingine mweupe, katika siku ambazo Mwafrika na Mzungu hawakuulizana maswali ya moyo. Moto ule ulishika Gahini, ukaingia Uganda, ukafika Kabete hapa kwetu mwaka 1937, ukavuka hadi Tanganyika. Wimbo wa Tukutendereza, ambao wazee wetu bado huuanzisha bila kinanda, ulisafiri na watu hao.

BAISKELI MBILI

Moto ulipofika Rukungiri, Festo aliukimbia. Waliookoka walisimama kanisani na kukiri dhambi zao hadharani, jambo ambalo yeye aliliona ni wazimu. Jumapili moja ya mwaka 1941 alitoka kanisani kwa hasira, akaenda kunywa. Jioni alipokuwa akirudi kwa baiskeli, alimwona mwalimu mwenzake akija mbio kwa baiskeli yake, uso ukiwaka furaha. Rafiki huyo alimsimamisha na kumwambia kwamba Yesu amemwokoa. Kisha akataja mambo matatu aliyomkosea Festo, moja baada ya jingine, akaomba asamehewe. Alipomaliza alipanda baiskeli yake akaenda zake akiimba.

Festo alibaki njiani. Maswali yake yote makubwa hayakuwa yameguswa, lakini kitu kimoja hakuweza kukipinga: mtu huyu alimjua, na mtu huyu alikuwa amebadilika. Usiku ule, chumbani mwake, alipiga magoti kando ya kitanda akamkabidhi Yesu maisha yake.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Mara tu alipoanza kuwatengenezea watu aliowakosea, alikumbuka Mwingereza mmoja aliyemchukia. Alitafuta sababu za kutokwenda: mtu yule ni mtawala, tena ni mzee kuliko yeye, na anakaa mbali. Mwisho alipanda baiskeli, akaenda takriban maili 50, akamwambia yule Mzungu kwamba alikuwa amemchukia na kwamba sasa ni ndugu yake. Wakaishia kulia na kuomba pamoja.

Mzee wetu alisimama hapo Alhamisi ile. Alituambia tutazame kwamba baiskeli ni mbili. Ya kwanza ilimletea Festo msamaha aliokuwa hajauomba. Ya pili aliiendesha mwenyewe, na hiyo ndiyo yenye mlima.

MARAFIKI WALIOMWAMBIA UKWELI

Mwaka 1943 Festo alimwoa Mera, na Mungu akawapa mabinti. Mwaka 1946 walihamia Dodoma, Tanganyika, akafundisha huko hadi mwaka 1959. Sisi tulio walimu tunaipenda sehemu hii, kwa sababu kwa miaka mingi mhubiri huyu mkubwa alikuwa mwalimu wa darasani kama sisi, mwenye madaftari ya kusahihisha na kengele ya kuwahi.

Ndugu wa uamsho walikutana kila juma wakafungua Neno na kufungua mioyo. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Hatutaki kulipamba. Ushirika huo uliwahi pia kuwa mkali: wapo waliohukumiwa kwa mavazi, na wapo waliosukumwa kukiri mambo ambayo hayakuwa tayari kutoka. Baadaye hata waliookoka walifarakana wao kwa wao. Lakini ulikuwa mahali ambapo mtu mkubwa angeweza kuambiwa kwamba amekosea, na Festo alikwenda kuambiwa maisha yake yote.

Mtu aliyemlea sana alikuwa William Nagenda, Mganda, mmoja wa wale wanafunzi waliofukuzwa Mukono mwaka 1941 kwa ajili ya msimamo wao wa uamsho. Walisafiri na kuhubiri pamoja nchi nyingi. Festo mwenyewe alisimulia jinsi alivyoanza kumwonea William wivu. William akihubiri watu wanaguswa. Yeye akikaa nyuma anahesabu makosa ya mahubiri. Moyo wake ukapoa, hata maombi yakawa mazito. Hatimaye, kabla ya ibada, alimwendea rafiki yake akamweleza wivu wake wote na kuomba asamehewe. Kisha wakaingia pamoja kuhubiri. Wapendwa, ni nani kati yetu tulioimba kwaya ambaye hajawahi kukaa nyuma akihesabu makosa ya mwimbaji mwenzake?

Nyumbani pia alifunzwa. Siku moja aligombana na Mera, kisha akachukua Biblia yake aende kuhubiri. Alieleza kwamba Roho alimzuia mlangoni: yeye aende akahubiri, lakini Roho atabaki jikoni na Mera. Ilimbidi arudi jikoni aombe msamaha ndipo aende. Mzee wetu aliposimulia haya, akina mama walicheka hadi wakafuta machozi, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza mazoezini tangu Krismasi.

Katika uamsho walikuwapo walioogopa masomo ya theolojia, wakidhani yatazima moto. Festo hakuogopa. Katika miaka ya 1960 alikwenda kusoma katika seminari ya Pittsburgh, Marekani, na baada yake akawa kasisi. Aliungana na Michael Cassidy, Mzungu wa Afrika Kusini, katika huduma ya African Enterprise, na urafiki huo peke yake ulikuwa swali kwa wengi. Desemba 1972 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi.

UWANJA WA KABALE

Wakati huo Idi Amin alikuwa ameishika Uganda karibu miaka miwili. Februari 1973 serikali iliamuru watu wapigwe risasi hadharani sehemu mbalimbali za nchi, na watatu wangeuawa katika uwanja wa Kabale, mbele ya kanisa la Askofu Festo, kama tunavyoweza kusema. Watu waliletwa kutazama. Festo aliomba ruhusa azungumze na wale watatu. Alipokuwa akitembea kuwaendea hakujua la kumwambia mtu anayekufa baada ya dakika chache. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa zikiwaka. Walikuwa wamempokea Yesu gerezani, nao ndio waliomfariji askofu. Walikufa wakipunga mikono iliyofungwa pingu. Askofu alikwenda kutoa neno, akarudi amepewa.

Desemba 1976 Festo alikuwa Nairobi katika mkutano mkubwa wa viongozi wa Kikristo wa Afrika, uliokutana katika jumba la KICC. Walikuja kutoka nchi nyingi, weusi kwa weupe, hata kutoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na hawakuwa na njia ya kukwepa maswali magumu ya wakati wao. Hakujua kwamba baada ya miezi miwili tu swali gumu kuliko yote litamjia yeye.

SWALI LENYEWE

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wa Uganda hawakunyamaza. Waliandika barua kwa Amin wakilalamikia kitendo hicho na mauaji yaliyoenea nchini, na Festo alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya askari huku silaha zikionyeshwa. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani, lakini Luwum akabakizwa. Festo na wenzake walimngojea nje. Hakutoka. Kesho yake redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Festo alirudi Kabale akakuta askari wamekwisha kumtafuta. Marafiki zake walimsihi akimbie, wakisema askofu mmoja aliyekufa anatosha. Yeye na Mera walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Ugenini alisema wazi mambo yaliyotendeka. Watu walimsikiliza, wakamheshimu, wakamhurumia. Lakini yeye alijua kinachoendelea ndani yake. Moyo wake ulikuwa unakuwa mgumu juu ya Idi Amin, na kadiri ulivyokuwa mgumu ndivyo furaha ilivyomtoka. Aprili mwaka huo, Ijumaa Kuu, aliketi katika kanisa la All Souls mjini London. Yaliposomwa maneno ya Yesu msalabani akiwaombea waliomsulubisha, Festo alijiuliza kama Yesu angemwombea pia Amin. Hakupata njia ya kusema hapana. Palepale aliomba apewe neema ya kumsamehe, na mwaka uo huo akatoa kitabu kidogo kiitwacho I Love Idi Amin, maana yake nampenda Idi Amin.

Jina hilo liliwakasirisha watu, hata Waganda wenzake waliofiwa. Hilo mzee wetu hakutuficha. Tulimuuliza maswali yetu yote. Je, huko si kuwasaliti waliokufa? Je, muuaji asishtakiwe? Tulibishana hadi mlinzi wa kanisa akaja kuuliza kama kuna heri.

Tuliyoyatoa katika mabishano yale ni haya. Kwanza, Festo alisamehe baada ya kuandika barua, wala hakuufanya msamaha kuwa badala yake. Hakumwita Amin mtu mwema, na hakuacha kuyataja mauaji kwa jina lake. Pili, Amin hakumwomba msamaha. Festo hakungoja, kwa sababu aliyekuwa anaoza ni moyo wake yeye. Tatu, alipoulizwa angefanya nini kama angepewa bunduki akiwa ameketi mbele ya Amin, alijibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki hiyo, kwa kuwa ni silaha ya Amin. Silaha yake yeye ni upendo. Nne, na hili ndilo lililotugusa sana, hakuna mwanadamu aliyemlazimisha. Wenzake waliomba naye, wakamsikiliza, wakamwacha Mungu afanye kazi kwa saa yake.

KURUDI NYUMBANI

Amin alipoangushwa Aprili 1979, Festo alirudi kuijenga Kigezi. Aliendelea kukutana na maswali magumu. Desemba 1983 aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi kule Kabale, wakati wengi katika kanisa la Uganda walikuwa bado wanajadili kama jambo hilo linawezekana. Wapo ndugu wa karibu waliompinga, naye hakuvunja urafiki nao.

Mwaka 1988 alipatwa na saratani ya damu. Alilazwa Nairobi, safari fupi tu kutoka hapa Kitengela, akafariki tarehe 18 Mei. Mwili wake ulirudishwa Uganda, kwao.

NA SISI JE?

Mtauliza kilichompata yule mama wa sauti ya pili. Wanasiasa walitia sahihi mapatano yao tarehe 28 Februari 2008. Yeye hakuwa tayari siku hiyo. Wala Pasaka hakuimba wimbo ule. Alikuja na sare yake, akaketi mahali pake, na sisi tukaimba bila yeye huku tukimwachia nafasi yake katika mstari. Sauti zetu zilipungua, na tuliusikia upungufu huo kila mtu kwa sikio lake.

Kabla ya hapo lakini, jambo jingine lilikuwa limetokea. Alhamisi moja kaka mmoja wa sauti ya nne alimwendea mwenzake wa sauti ya tatu, wa kabila jingine, akamwambia yale aliyoyasema juu yake tangu Januari, moja baada ya jingine. Hakuwa na baiskeli, alivuka tu chumba. Wale tuliokuwepo tunaweza kusema kwamba chumba kile kilikuwa kirefu kuliko barabara ya kwenda Namanga.

Mwezi Septemba, tukiwa tumealikwa kuimba Kajiado mjini, yule mama alisimama pamoja nasi tulipoanzisha wimbo ule. Hatukumuuliza kitu. Mpaka leo hatujamuuliza, naye leo yuko mstari wa mbele, mtamwona.

Tangu mwaka ule kwaya yetu imekuwa na desturi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, baada ya mazoezi, tunaketi nusu saa na chai ya maziwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza swali lolote la imani. Sheria ni mbili: swali halitoki nje ya chumba, na hakuna anayelazimishwa kujibiwa. Ukame uliposhika Kajiado mwaka 2022 na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara, tuliulizana kama Mungu amesikia maombi ya mvua. Tulipompoteza kijana wetu mmoja, tuliulizana mambo ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Maswali mengine bado tunayo. Lakini aliyeuliza hakuondoka peke yake.

Ndiyo maana tumeweka maisha ya Askofu Festo katika kijitabu hiki. Alikuwa mtu mwenye akili aliyepewa maswali mazito, na katika kila kona ya maisha yake Mungu alimtumia rafiki: mwalimu mwenzake mwenye baiskeli, William, Mera jikoni, wafungwa watatu wa Kabale. Ukitazama leo ukaona tumesimama mistari minne, watu wa makabila mengi, tukipumua mahali pamoja, ujue tulijifunza kwa watu wa namna hiyo.

Na wewe mgeni wetu, kama umekuja leo na swali ulilolificha kwa miaka, karibu Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Chai ipo.

Mungu awabariki nyote, na jubilei njema.

Katibu wa Kwaya,
kwa niaba ya wanakwaya wote